Chumvi Kwenye Ndoo ya Ruba

Wiki iliyopita tulimwacha mvuvi Emőke Szalóki amepiga magoti kwenye gati la mbao, kitambaa cha ndoo mkononi, macho yake ndani ya ndoo ya ruba wake wa chambo. Wasomaji waliotumaini wiki nzima kwamba labda ruba mmoja alikuwa bado hai, walitumaini bure. Wote arobaini walikuwa wamekufa. Walijikunja kama vifundo vya kamba nyeusi, na chini yao kulikuwa na chumvi ya mawe, ile ya kukaushia nyama, kama konzi mbili.

Emőke alikikamua kile kitambaa kwa hasira. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Nani kafanya hivi?" akasema.

Mjomba wake Dezső, aliyekuwa akifunga injini kwenye boti yao, alisema huenda ni watoto. Emőke alijua si wao. Watoto wa kijiji cha Nádasfok hawaamki Jumapili alfajiri kwenda kuua ruba.

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Tarumbeta ya kuanza ingelia saa kumi na mbili, na ya kumaliza saa sita mchana. Na kanuni ya mashindano ya kambare ya Nádasfok haina huruma: kila asubuhi kila boti humwonyesha mwamuzi chambo chake, kikiwa hai, kimetoka kwenye Ziwa Tisza lenyewe. Boti isiyo na chambo hai haiondoki gatini. Hii ilikuwa siku ya tatu, ya mwisho, na Emőke alikuwa wa pili, kilo kumi na nne nyuma ya Lóránt Kecskés.

Hakuja kushindania kikombe. Kikombe chenyewe ni cha bati na mkono wake mmoja umelegea. Alikuja kwa ajili ya desturi. Siku ya mwisho, mshindi husimama mbele ya sufuria ya supu ya samaki na kukiomba chama cha wavuvi jambo moja, na chama hakimkatalii. Mwaka mmoja mshindi aliomba jirani yake anyolewe masharubu. Yalinyolewa palepale, jirani akitokwa na machozi.

Emőke angeomba kigongo cha baba yake kirudishwe ukutani.

Kila mvuvi wa pale ana kigongo chake cha kuitia, kipande cha mti kilichopinda. Ukikipiga majini hutoa mlio mzito unaomchokoza kambare mpaka anatoka shimoni kuja kuona ni nani anayempigia kelele. Vigongo vya wanachama hutundikwa kwenye ukuta wa chama, kila kimoja na jina lake. Cha Vince Szalóki, baba yake Emőke, kilishushwa miaka mitatu iliyopita, siku mwamuzi alipokuta tundu la kamba kwenye mdomo wa kambare wake. Wakasema ni samaki aliyevuliwa kabla ya mashindano, akafungwa kwenye kisiki chini ya maji, akangoja siku yake. Tangu hapo Vince hakushuka ziwani. Alikaa uani akichonga vijiko ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Emőke aliamini baba yake amesingiziwa. Aliliamini hilo kama anavyoamini kwamba ana mikono miwili. Kwa ajili hiyo alikuwa amegombana na muuza mkate, na mama yake wa ubatizo, na nusu ya watu wa kanisani.

Sasa aliinuka, akachukua kasia, akaenda moja kwa moja kwenye boti ya Lóránt.

Lóránt alikuwa anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu.

"Umemwaga chumvi kwenye ndoo yangu," Emőke akasema.

"Na wewe umeamkaje, dada."

Mwenzake Lóránt aliuliza kama chumvi imebaki kidogo, maana mkate wao haujakolea. Emőke alilipiga kasia ukingoni mwa boti kwa nguvu zake zote. Mkate ukaruka, ukaangukia majini, na samaki wadogo wakaugombania. Hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kukusanyika, wengine na vikombe vya kahawa mkononi.

Mama Hajnalka akaja. Yeye ndiye mwamuzi, mwalimu mstaafu, na mpaka leo huwatazama watu wazima kana kwamba wote wamesahau madaftari nyumbani. Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akasema kwamba shutuma ni kama samaki, lazima ipandishwe kwenye mizani.

"Saa sita mchana utaniletea ushahidi, au utamwomba kijana huyu radhi mbele ya wote," akamwambia Emőke. "Ukikataa yote mawili, nafuta kilo zako za siku tatu. Na chambo chako kiko wapi?"

Emőke alielekeza kasia kwenye ndoo ya wafu.

Hapo mwenyekiti wa chama, Gellért Bodó, akamwekea mkono begani. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyeshiba. Alimshauri aende nyumbani akapumzike, si aibu, mwaka ujao upo. Juu ya mlango wa chama, nyuma ya kichwa chake, ilining'inia picha yake kubwa: Bodó amemkumbatia kambare wa kilo hamsini na mbili, amempanua mdomo kwa mikono miwili ili wapiga picha waone mtu angeweza kuingia mle. Ilikuwa picha ya miaka mitatu iliyopita. Ushindi ule ndio uliompa uenyekiti.

"Toa mkono," Emőke akasema.

Akautoa.

Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano. Emőke alivua viatu, akapandisha suruali mpaka magotini, akaingia kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya matete, mahali ambapo bata hulala. Ruba hawaitwi kwa kigongo. Ruba huja kwenye maji yaliyotibuliwa. Mtu hukanyaga tope polepole, kwa subira, nao huja mmoja mmoja wakiogelea kama riboni.

Emőke hakuwa na subira hata chembe. Alilipiga tope mateke. Moyoni alimpiga teke Lóránt, akampiga teke mwenzake na mkate wake, akampiga teke kila aliyewahi kumwambia dukani kwamba baba yake ni mwongo. Maji yakawa meusi kama kahawa. Na kadiri alivyozidi kukasirika ndivyo ruba walivyozidi kuja. Walimpanda vifundoni, wakamganda kwenye miundi. Aliwabandua akiwatia ndooni na kuwahesabu kwa sauti, kama mtu anayetukana.

Dakika nne kabla ya tarumbeta alimwekea Mama Hajnalka ndoo miguuni. Ruba kumi na saba.

Mama Hajnalka aliinama, akawatazama, akatazama miguu ya Emőke iliyojaa tope.

"Nenda," akasema.

Saa tatu walikuwa bado hawajapata kitu. Boti yao ilielea juu ya mkondo wa zamani wa mto, pale ambapo maji yana kina na miti iliyozama ilisimama pande zote kama mifupa. Mjomba Dezső alipiga kigongo. Kup. Kup. Kup. Mapigo matatu, kisha kimya, kisha matatu tena. Emőke alishika ufito wenye mshipi, na kwenye ndoana ruba sita walicheza gizani chini.

Dezső ni mdogo wa Vince, na miaka yote ndiye aliyekuwa mwenzake botini, mpaka siku ile ya tundu la kamba. Kwa siku tatu alikuwa akirudia maneno yaleyale na alianza tena: wakishinda, Emőke aombe injini mpya. Aombe kivuli kijengwe gatini. Aombe chochote, ila si kile kigongo. Vince mwenyewe hakitaki tena, alisema.

"Usiniambie baba yangu anataka nini," Emőke akajibu. "Wewe piga."

Dezső akapiga.

Habari zilipita kutoka boti hadi boti kwamba Lóránt amepata mmoja wa kilo tisa. Sasa pengo lilikuwa kilo ishirini na tatu. Emőke alivuta mshipi, akabadilisha ruba, akaushusha tena.

Saa nne na nusu mshipi ukazama.

Haukutikisika kwanza. Ulikwenda chini tu, kama vile mtu ameufungia jiwe. Emőke alihesabu mpaka tatu, akavuta, na ufito ukapinda mpaka ncha ikalamba maji. Boti ikageuka. Dezső alitupa kigongo miguuni, akashika makasia.

Kambare alikuwa anaelekea kwenye visiki. Kila mvuvi anajua maana yake: mzunguko mmoja kwenye tawi na mshipi unakatika. Emőke aliegemea nyuma mpaka mgongo ukamuuma. Hakumzuia samaki. Alimchelewesha tu.

Na hapo, kutoka nyuma ya visiki vilevile, ikatokea boti ya Lóránt.

Kanuni inasema boti iliyo karibu izime injini na kutoa mishipi majini mwenzake anapopambana na samaki. Mwenzake Lóránt alijifanya hajaona, akaongeza moto. Lóránt alimsukuma kando, akazima injini kwa mkono wake. Kisha akafanya jambo ambalo kanuni haikumdai. Aliisogeza boti yake katikati ya samaki na visiki, akaanza kuyapiga maji kwa kasia mpaka kambare akageuka kuelekea kwenye maji ya wazi.

"Kwa nini?" Emőke akauliza, jasho machoni.

"Nataka nikushinde mimi. Sitaki ushindwe na visiki."

"Na chumvi je?"

Lóránt alipumua. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kwa daktari, kwamba ruba hawezi hata kuwatazama. Akiona mmoja, anatapika. Angeahidiwa boti mpya, asingeifunua ile ndoo. Mwenzake, bila kuulizwa, aliongeza kwamba ni kweli. Mwaka juzi ruba alimwangukia Lóránt kwenye kiatu, akaruka majini na nguo zake zote.

Ziwa zima lilijua hilo. Lóránt huvua kwa samaki wadogo hai tu, miaka yote. Emőke mwenyewe alijua. Hasira ilikuwa imemsahaulisha.

Ilimchukua dakika arobaini kumchosha kambare. Alipojitokeza ubavuni mwa boti, mrefu kuliko Emőke, mwenye masharubu kama ya babu, Emőke alimtia mkono mdomoni na kumvuta ndani pamoja na Dezső. Akammwagia maji. Akamfunika macho kwa kitambaa kilicholoa, asiogope.

Kitambaa kilicholoa.

Mkono wake ukasimama.

Mfuga ruba hafungi ndoo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kikikauka ruba hujipenyeza na kutoroka. Hukichovya ziwani, hukikamua, hukizungusha mara mbili na kukifunga. Emőke alikuwa amekifunga chake jana jioni. Mwezi huu wa Julai, kufikia alfajiri kingebaki na unyevu kidogo tu. Lakini asubuhi kilimmwagia maji mpaka kiwikoni.

Mtu alimwaga chumvi, akawaua ruba arobaini, kisha akakilowesha kitambaa ili wafu wasitoroke. Mkono wake ulifanya hivyo bila kumuuliza. Adui asingejisumbua. Dezső asingekumbuka, ruba wake yeye huwaweka kwenye chupa ya plastiki. Nádasfok nzima walibaki wawili wanaofunga ndoo namna hiyo, Emőke na aliyemfundisha.

"Mjomba," akasema. "Baba alikuja saa ngapi?"

Dezső hakuinua macho.

"Saa kumi. Kwa baiskeli."

"Na ulimwona."

Alimwona. Alisema kaka yake alimsihi anyamaze. Alisema alidhani ni kwa nia njema. Alianza kusema na neno jingine, Emőke akamkatiza.

"Shika makasia. Usiseme kitu mpaka tufike."

Kilo thelathini na saba. Mama Hajnalka alivaa miwani, akaupanua mdomo wa kambare, akaupapasa kwa kidole upande wa kulia na wa kushoto, kama afanyavyo kwa kila samaki tangu mwaka ule wa aibu. Palikuwa na tundu la ndoana, bichi, moja tu. Akatikisa kichwa kukubali, na samaki akarudishwa majini. Alizama bila kuaga.

Saa sita tarumbeta ililia, na Emőke Szalóki alikuwa ameshinda.

Lakini kwanza deni la asubuhi. Alisimama mbele ya wote, akamwambia Lóránt kwamba alimshutumu bure, na kwamba anamwomba radhi. Lóránt alisema amesamehe yote isipokuwa mkate. Watu wakacheka, wakampigia Emőke makofi, na mtu akampa bilauri ya pombe ya plamu. Hakuinywa.

Alikuwa amemwona baba yake.

Vince Szalóki alisimama juu ya tuta, ameegemea baiskeli, amevaa koti la Jumapili. Miaka mitatu hakufika pale mbele ya watu. Emőke alipanda tuta bila kugeuka nyuma.

"Chumvi ilitoka kwenye pipa letu la nyama," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki tatu niliwakusanya, baba."

"Najua. Nilikuwa nakuona unarudi na tope." Vince alizungusha kofia mikononi. "Ungeshinda, ungekiomba kile kigongo mbele ya watu. Nami ningelazimika kukipokea."

"Ni chako."

"Nilimfunga yule samaki, Emőke. Hawakunisingizia."

Chini kwenye ufuo mtu alikuwa anagonga ukingo wa sufuria kwa upawa, anaita watu wakae.

Vince alieleza yote akiitazama kofia. Mwaka ule Emőke alikuja likizo na wenzake wa chuo. Aliwaambia kwamba baba yake ndiye mwitaji bora wa ziwa zima. Na Vince alikuwa amepiga kigongo siku kumi bila kuona hata mkia. Hakutaka kurudi gatini mikono mitupu mbele yao.

Emőke aliipiga teke baiskeli. Ikaanguka kwenye nyasi, na gurudumu la mbele likaendelea kuzunguka lenyewe. Wote wawili walilitazama mpaka likasimama.

"Nimegombana na watu miaka mitatu," akasema. Sauti yake haikupanda. "Miaka mitatu, na wewe unachonga vijiko. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi ni mwongo, ila siko peke yangu?"

"Hauko peke yako vipi?"

Vince aligeuza uso kuelekea ufuoni, ambako Gellért Bodó alikuwa anaonja supu nyekundu na kuwaambia wapishi waongeze pilipili.

"Kamba ile ilikuwa na samaki wawili," akasema. "Mimi nilichukua mdogo."

Wakamwita. Jina lake lilipita mdomo hadi mdomo, Emőke, Emőke, sufuria inapoa. Aliteremka tuta. Nyuma yake alisikia baba yake akiiinua baiskeli, kisha hatua zake zikimfuata kwa mbali.

Bodó alikuwa amesimama karibu na moto. Mkononi alishika kigongo cha Vince, cha mti wa plamu, kizee, kilicholainika kwa kushikwa. Walikuwa wamekitoa sandukuni tayari. Hata muuza mkate alikuwa anamtazama Emőke kwa huruma. Ilionekana wazi kwamba wangekubali, na wangekubali kwa furaha, na kesho hakuna ambaye angetaja tena lile tundu la kamba. Alichohitaji kufanya ni kunyoosha mkono na kunyamaza.

"Haya, binti yangu," mwenyekiti akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sote tunajua unachoomba. Lakini desturi ni desturi. Kiseme mwenyewe."

Emőke alikitazama kigongo. Kisha akatazama juu ya mlango wa chama.

"Kigongo sikitaki," akasema. "Naomba ile picha ishushwe. Iletwe hapa mezani, kwenye jua, na Mama Hajnalka autazame mdomo wa samaki."

Upawa ulisimama ndani ya supu.

Mama Hajnalka alikuwa ameshavaa miwani. Lóránt, bila kuambiwa, aliburuta benchi mpaka mlangoni na kupanda juu yake.

Bodó alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Hakumtazama Emőke. Hakuitazama picha. Alitazama gatini, juu ya vichwa vya watu, na Emőke akageuka kuona anachokitafuta.

Mjomba Dezső, mwenzake Vince botini mwaka ule wa samaki wawili, alikuwa ameshaingia kwenye boti, na alikuwa anafungua kamba ili atoroke.